Tisa na Nusu kwa Safari ya Mtukufu

Ipo nchi moja inaitwa Ridhiko. Msiitafute kwenye ramani, wala msianze kutupiana macho, maana siyo hiyo mnayoifikiria. Hiyo mnayoifikiria ina mito, na mito ya Ridhiko yote ilishahamishiwa shambani kwa Waziri wa Maji, ambako inatunzwa vizuri sana.

Watu wa Ridhiko ni wapole, wanamcha Mungu, na wanapenda gemu. Hizi za kuunganisha na runinga, mtu anakaa kwenye kochi na pedi mkononi, anabonyeza, na kule kwenye kioo kamtu kake kanakimbia, kanaruka, kanapigana, kanakufa, kanafufuka. Ukipita mtaani mchana unasikia nyumba nzima inapiga kelele, "Mrukie! Mrukie! Aah, umeniua!" na wala hakuna msiba. Serikali ilipoona wananchi wanakaa muda mrefu hivyo bila kuilalamikia, ikaingiwa na wasiwasi. Ikaunda Baraza la Kupima Gemu.

Kazi ya Baraza ilikuwa nyepesi. Kila gemu iliyoingia nchini, mpimaji aliicheza, akaandika tathmini yake, akatoa alama juu ya kumi, na alama zikasomwa redioni kabla ya matangazo ya vifo. Sheria ilisema alama zianzie sifuri. Baadaye Kanuni ikaifafanua Sheria, ikasema sifuri ya kizalendo ni tisa. Basi gemu mbaya ikawa inapata tisa, na ile isiyowaka kabisa inapata tisa na robo kwa kuokoa umeme. Kumi kamili ikawekwa akiba, kama vyombo vya kabatini, ikimsubiri mgeni mkubwa.

Mpimaji wa Baraza alikuwa Mzee Ladislaus Tunguhole, mume wa Bi Melania. Alikuwa mtu safi, hanywi, hagombani, kanisani anakaa benchi la mbele. Tatizo lake lilikuwa moja tu, na Bi Melania alilijua tangu siku za uchumba: ukimuuliza kitu, anajibu.

Mgeni mkubwa akaja. Serikali yenyewe ilitengeneza gemu, ikaiita Safari ya Mtukufu. Ndani yake Mtukufu Baba Mlezi, kiongozi wa Ridhiko, anatembea kwa miguu kutoka kijiji alichozaliwa mpaka Ikulu. Mafundi waliitengeneza vizuri, ikiwa na mashimo ya kuruka, majoka ya kupigana nayo, na wezi wa njiani. Kisha ikapelekwa wizarani kupitishwa, maana Ridhiko hata kikohozi hupitishwa.

Wizara ya Barabara ikauliza: mashimo? Barabara ipi hiyo yenye mashimo? Yakafukiwa siku hiyohiyo, na hayo ndiyo mashimo pekee ambayo wizara ile imepata kuyafukia. Watu wa Usalama wakauliza: majoka na wezi? Kwani Mtukufu ana maadui? Wakatolewa. Watu wa Itifaki wakasema mtu mzima mwenye cheo harukiruki hadharani, wakaondoa kitufe cha kuruka. Chama kikasema Mtukufu harudi nyuma, kikaziba kitufe cha kurudi. Wizara ya Afya ikakumbusha kwamba Mtukufu hafi, kwa hiyo hakuna haja ya kuanza upya. Mwisho kabisa Usalama wakarudi mbio wakihema: lango la Ikulu limechorwa wazi wazi! Adui je, akijua liko upande gani? Lango likafutwa. Pakabaki ukuta mweupe, mrefu, una maua chini yake.

Mzee Ladislaus akakaa kuicheza. Mtukufu akatembea kwenye barabara iliyonyooka, wananchi wanashangilia kulia na kushoto. Kwa muda wa kukaanga yai akawa ameshafika. Akaugonga ukuta kwa paji la uso, du, akaendelea kutembea palepale. Du, du, du. Kuruka hawezi, kurudi harudi, kufa hafi. Mzee Ladislaus akanyoosha mkono azime mashine.

Mlinzi akamdaka. "Mzee! Unataka kumwondoa Mtukufu madarakani?"

Basi mashine ikaachwa inawaka, na Mzee Ladislaus akaandika tathmini fupi: "Gemu nzuri. Picha safi, sauti safi, wananchi wana furaha. Ila Mtukufu hana pa kuingilia. Tisa na nusu."

Wakamchukua kabla wino haujakauka. Hawakumfunga gerezani, tusiwasingizie. Ridhiko haina wafungwa, ina wagonjwa. Walimpeleka Wodi ya Macho, wakamzungushia bendeji usoni, mikunjo kwa mikunjo, wakamwandikia kwamba anaumwa ugonjwa wa kuona kisichokuwepo. Kisichokuwepo chenyewe ni lile lango.

*

Bi Melania alikuwa uani anachambua mchele aliposikia hodi. Alikuwa Katibu wa Baraza, Bwana Pankrasi Njowoka, amevaa suti nzito kwenye jua la mchana.

"Pita, Katibu, ila usinikanyagie mchele."

"Mama, nimekuja kwa niaba ya Baraza, kwa idhini ya Wizara, kwa maelekezo ya ngazi za juu na kwa baraka za..."

"Kaa kwanza. Baraka zitakukuta umekaa."

Katibu akakaa kwenye kigoda, magoti yakamfika kifuani. Kutoka huko chini akaeleza. Alama, kwa desturi ya Ridhiko, si ya mtu, ni ya nyumba. Baba akitoa alama, wametoa wote, mama na watoto na kuku wa uani. Ikikosewa, nyumba ileile ndiyo inayosahihisha. Kwa hiyo Baraza, kwa hekima yake, limemkalisha Bi Melania kwenye kiti cha mumewe. Alhamisi ni uzinduzi, Mtukufu mwenyewe atakuwepo, na yeye atatoa alama mbele yake.

"Mimi gemu najua nini, Katibu?"

"Hiyo ndiyo sifa tuliyokuwa tunaitafuta."

"Na mume wangu mtanirudishia lini?"

Katibu akapangusa jasho. "Hayo ni ya kitabibu, Mama. Mimi ni mtu wa alama." Akainuka, akakanyaga mchele, akaenda zake.

*

Wodi ya Macho ilikuwa imejaa. Kitanda cha kwanza alilala mwalimu aliyeona darasa halina paa. Cha pili, mkaguzi aliyeona daraja limepinda. Cha tatu mtu wa hali ya hewa, ambaye alisema kesho mvua, nayo ikanyesha. Wote na bendeji zao, wametulia kama vichanga waliovikwa kofia kubwa.

Bi Melania akaketi kitandani kwa mumewe, akaanza kumlisha ndizi zilizopondwa.

"Mama Getruda, ni wewe?"

"Nani mwingine atakuletea ndizi? Mtukufu?" Akampangusa kidevu. "Baba Getruda, si ungeandika kumi tu ukanyamaza?"

"Nimetoa nusu tu. Nusu! Kwa lango zima! Nimewapendelea mno."

"Nusu hiyo ndiyo imekulaza hapa."

"Lakini lango halipo, mke wangu."

"Najua halipo. Katika nchi nzima nani asiyejua? Fungua mdomo."

Akaingia Daktari Bwakila, mkuu wa wodi, mtu wa tabasamu jingi. Bi Melania akasimama kwa heshima, akamuuliza kama Alhamisi akitoa kumi, mumewe ataruhusiwa.

"Mama, tuzungumze kisayansi," akasema Daktari. "Ukitoa kumi, umethibitisha kwamba gemu haina kasoro. Kama haina kasoro, mzee alikosea kuona. Kama alikosea kuona, macho ni mabovu, na macho mabovu tunayatoa. Kisu kipo tayari."

"Na nikitoa tisa na nusu kama yeye?"

Daktari akapapasa kitanda cha jirani, kilichokuwa kitupu na shuka limekunjwa vizuri. "Tumekuandalia hiki. Mtakaa karibu karibu, kama nyumbani."

Bi Melania akachukua bakuli lake, akatoka akipiga hesabu. Akisema kumi, macho ya mumewe yanatolewa. Akisema pungufu ya kumi, na yeye anafungwa yake. Akapita kanisani njiani, akapiga magoti, akamwomba Mungu vitu viwili ambavyo havikai pamoja kirahisi: mumewe atoke mzima, na yeye asiseme uongo. Akainuka, akaenda kumalizia mchele wake.

*

Siku ya Alhamisi ukumbi ulifurika. Mbele iliwekwa runinga pana kama mlango wa ghala, na wananchi wakapangwa kwa urefu wa kupiga makofi. Waziri wa Michezo ya Kukaa akapanda jukwaani.

"Mtukufu Baba Mlezi," akanguruma, "gemu hii haina mfano wake! Na kama ina mfano wake, mfano huo tumeshaupiga marufuku! Mataifa yanatuuliza, Ridhiko, mmewezaje kutengeneza gemu ambayo mchezaji hashindwi? Nasi tunawajibu, tumeondoa vya kushindwa navyo!"

Makofi. Ratiba ilisema mpimaji ndiye acheze, lakini Mtukufu akanyoosha mkono.

"Leteni hicho kidude. Nitajitembeza mwenyewe."

Pedi ikapelekwa juu ya mto wa mahameli. Mtukufu akabonyeza. Kwenye kioo Mtukufu mwingine, mwembamba kidogo na mwenye nywele nyingi zaidi, akaanza kutembea. Ukumbi ukashangilia, wananchi wa kwenye kioo wakashangilia, haikujulikana nani anamfuata nani. Mtukufu alitabasamu kama mtoto. Hatua, hatua, hatua, Ikulu hiyo hapo, na paji la uso likagonga ukuta. Du.

Akabonyeza tena. Du, du.

Makofi hayakuacha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameambiwa wakati wa kuacha. Mtukufu akabonyeza vitufe vyote kwa pamoja, kwa vidole vyote, kama anayekanda unga. Du, du, du, du.

"Mbona siingii?"

Hapo makofi yakafa yenyewe.

"Mtukufu, umeshaingia," akasema Waziri. "Ukuta tu ndio haujatambua."

"Mkuu wa Usalama! Lango langu liko wapi?"

Mkuu wa Usalama akasimama wima. "Ni siri, Mtukufu."

"Siri kwangu mimi?"

"Mtukufu, siri ni siri."

Mtukufu akazungusha macho ukumbini taratibu, na kila alipoyafikisha watu wakajifanya wafupi. Yakamwangukia Bi Melania, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chenye kibao kilichoandikwa MPIMAJI.

"Wewe mama ndiye mpimaji? Simama. Unaliona lango?"

Daktari Bwakila, mstari wa pili, akavuta shingo mbele. Bi Melania akasimama.

"Shikamoo, Mtukufu."

"Marahaba. Jibu."

"Nitajibu, Mtukufu, ila mimi ni mgeni kwenye kiti hiki, nisije nikavunja sheria. Naomba nimuulize Mkuu wa Usalama. Baba, raia wa kawaida, macho yake mawili yako wazi, anaruhusiwa kuliona lango la Ikulu kwenye gemu hii?"

"Haruhusiwi kabisa!" akafoka Mkuu wa Usalama.

"Akisema analiona?"

"Huyo ni jasusi!"

"Na akisema halioni?"

"Huyo ni raia mwema!"

"Basi Mungu ashukuriwe," akasema Bi Melania. "Mimi silioni. Na yule mgonjwa aliyeandika kwamba Mtukufu hana pa kuingilia, yeye naye tumwiteje?"

Mkuu wa Usalama akafungua mdomo, akaona maneno yake mwenyewe yamekaa mlangoni, hayampishi. "Raia mwema," akasema, kwa sauti ya mtu anayenong'ona kwenye maungamo. Daktari akarudisha shingo.

Lakini Mtukufu hakuridhika. "Haya, nyinyi wote raia wema, hongereni. Mimi je? Nilale nje?" Du, ikasema pedi mkononi mwake. "Napigwa na ukuta wa nyumba yangu mbele za watu, halafu mnaniambia habari za raia wema? Mama, hii gemu ina kasoro au haina? Sema!"

Watu waliokaa karibu na Bi Melania wakasogeza viti. Yeye akavuta upande wa kitenge alichojitanda mabegani, akaukunja, akajifunga usoni, akakaza fundo kisogoni.

"Mtukufu," akasema kutoka nyuma ya kitambaa, "mimi nikiwa hivi, sioni kasoro hata moja."

Mtu mmoja nyuma akapiga chafya, akaomba msamaha kwa Chama.

"Hata moja?" akauliza Mtukufu.

"Hata ndogo, Mtukufu."

Mtukufu akamtazama, akatazama ukuta, akamtazama tena. "Nifungeni na mimi."

Hapo ikazuka taharuki. Nani amfunge macho Mtukufu? Itifaki haina kifungu hicho. Waziri akamsukumia Mkuu wa Usalama, Mkuu wa Usalama akamsukumia Katibu, Bwana Pankrasi akaomba apewe mwongozo. Mwisho Mtukufu mwenyewe akamwita Bi Melania. Bi Melania akafungua fundo lake, akapanda jukwaani, akamfunga kitenge kilekile kama anavyofunga mzigo wa nguo za kufua, kwa nguvu lakini bila kubana masikio.

Mtukufu akabonyeza. Du, du, du.

Akainamisha kichwa, akasikiliza. Akabonyeza tena. Du, du, du. Uso ukaanza kuchanua taratibu chini ya kitenge.

"Nasikia hodi," akasema. "Mnasikia? Napiga hodi nyumbani kwangu!"

Waziri wa Michezo ya Kukaa hakupoteza nafasi. "Karibu, Mtukufu!"

"Karibu! Karibu ndani!" ukumbi mzima ukaitikia, watu wamesimama juu ya viti.

"Nimeingia!" akapaza sauti Mtukufu, akibonyeza kwa furaha. "Lo, sebule imependeza! Nani kaweka mapazia haya?"

"Ni mimi, Mtukufu!" wakajibu mawaziri watatu.

"Kumi!" akasema Mtukufu. "Gemu hii mimi mwenyewe naipa kumi!"

"Kumi na moja!" akapiga kelele Waziri.

"Kumi na mbili juu ya kumi!" akadakia Katibu, na ikabidi mtu wa takwimu atolewe nje kwa sababu alikuwa anatikisa kichwa.

Kelele zilipopungua, Mtukufu, bado amefungwa, akauliza ni nani aliyebuni njia hii nzuri ya kupima.

"Mtukufu, mimi nimeshika kiti tu," akasema Bi Melania. "Mwenye kiti yuko Wodi ya Macho. Yeye amekaa hivi siku nyingi, mimi nimejaribu leo."

Daktari Bwakila alikuwa ameshafika jukwaani, haikujulikana amepita wapi. "Tuliomfunga ni sisi, Mtukufu! Ni mbinu yangu! Utafiti wa wodi yangu! Nilikuwa nasubiri tu wakati mwafaka wa kuutangaza!"

"Kisu je, Daktari?" akauliza Bi Melania kwa upole.

"Kisu gani, Mama? Cha kukatia keki?"

Ikaamriwa palepale. Mzee Ladislaus arudishwe nyumbani kwake kwa gari la serikali, awe Mpimaji Mkuu wa Taifa, apewe bendeji ya hariri. Na kuanzia siku hiyo, yeyote anayepima kitu chochote Ridhiko, iwe gemu, daraja, mtihani au shina la mhogo, apime hivyohivyo.

*

Walimleta Ijumaa mchana, king'ora mbele, king'ora nyuma. Bi Melania akamshika mkono mpaka ndani, akafunga mlango, akavuta pazia, akaifungua hariri.

Mzee Ladislaus akapepesa macho, yanatoka machozi kwa mwanga. Akamtazama mkewe.

"Umekonda, Mama Getruda."

"Nimekondeshwa na nusu yako."

"Lakini lango..."

"Wageni hao wanakuja," akasema Bi Melania, akamrudishia hariri. "Imelegea kidogo, unapitishia jicho hapa chini. Kaa vizuri."

Na kweli wakaja, kwa kuwa mtu akipata cheo Ridhiko majirani wote hukumbuka kwamba ni ndugu. Wote walikuja wamejifunga. Muda mfupi tu ulikuwa umepita, na tayari mtu asiye na kitambaa usoni alionekana mshamba au mpinzani. Walikuja wameshikana mabega, wakigonga miimo ya mlango na kuisalimia. Katibu Pankrasi alipeana mkono na ndoo. Daktari Bwakila alimkumbatia mwenye nyumba, kisha akalikumbatia kabati, akalipongeza vilevile.

Bi Melania akaweka mkekani sinia kubwa la pilau ya mbuzi. Wakakaa kulizunguka, wanapapasana, wanaombana radhi kwa kukanyagana vidole. Katibu akasema neno la shukrani kwa niaba ya Baraza, kwa idhini ya Wizara, akamalizia kwamba hajapata kukaa mahali pazuri kama hapa, ingawa kwa kweli haoni kitu chochote.

"Hatuoni kitu," wakaitikia wote kwa fahari. "Giza tupu."

"Karibuni," akasema Bi Melania, na mikono ikaingia kwenye sinia.

Yeye alikuwa amesimama pembeni na jagi la maji, akatazama. Mkono wa Katibu ukapita viazi, ukapita mfupa wa shingo, ukaenda kutua juu ya paja. Mkono wa Daktari ukazunguka vidole vya watu wanne bila kuvigusa, ukachukua ini. Mama mmoja wa jirani akaliona paja la pili kwa mbali, akaliwahi kabla Waziri mdogo wa Mifugo hajalifikia, na Waziri, giza tupu vilevile, akamkazia uso. Hakuna hata mkono mmoja ulioangukia mfupa.

Chini ya hariri iliyolegea, Mzee Ladislaus alikuwa ametulia tuli, mkono wake haujaingia bado kwenye sinia. Alitazama hivyo mpaka nyama yote ikaisha. Kisha akavuta pumzi, akamgeukia mkewe, akafungua mdomo aseme.

"Baba Getruda," akasema Bi Melania, akimsogezea wali, "kula."